Hospitali, Hospitaliti

Siku Concilie alipopata habari kwamba binti yake ameingizwa hospitali, alipika wali na nyama ya mbuzi, akaimba, kisha akampigia simu kila Mrundi anayemfahamu kuanzia Auburn mpaka Penrith. Usishtuke, mtoto hakuwa mgonjwa. Ilikuwa Agosti mwaka 2021, upande wote wa magharibi wa Sydney umefungiwa ndani kwa ajili ya korona, na watu walilitamka neno hospitali kwa sauti ya chini. Kwa Concilie peke yake lilikuwa neno la sherehe.

Habari ililetwa na Elvire mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko darasa la kumi, na shule alikuwa anaisomea kwenye laptop juu ya meza ya jikoni. Kama watoto wengi wa huku, Kiswahili alikisikia chote, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza.

"Mum, they put me in Hospitality. For Year Eleven."

Concilie alisikia alichotaka kusikia. Hospitali ni hospitali. Ile "ti" ya mwisho aliichukulia kuwa ni mapambo, maana Kiingereza hakikosi kubandika kitu mkiani mwa neno la watu. Akaacha sufuria, akamkumbatia mtoto mpaka mwiko ukamdondoka.

"Asante Yesu. Wamekuorienta mu hospitali," alisema.

Elvire alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alipoona machozi ya furaha alishangaa, halafu naye akafurahi kuliko alivyofurahi tangu mwaka uanze. Basi jioni ile mama na mwana walishangilia pamoja, kila mmoja akishangilia jambo lake.

Sasa, kabla hujamcheka Concilie, nikueleze hilo neno "kuorienta", kwa sababu mkosi wote ulianzia hapo. Kwa Warundi, mwanafunzi akimaliza darasa la kumi anafanya mtihani, kisha anangoja orientasiyo. Wakubwa wanakaa, wanatazama alama zako na nafasi zilizopo, wanakupanga. Wewe sayansi, wewe lugha, wewe ualimu. Huitwi kutoa maoni, na ukilia unalia nyumbani kwenu.

Concilie aliikimbia Burundi akiwa mtoto, akasomea kambini, Kasulu, upande wa Tanzania, katika shule za turubai zilizofuata mtaala wa kwao. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: uuguzi. Pale zahanati ya kambi palikuwa na muuguzi mmoja mfupi, sauti kama kengele ya kanisa, aliyewafokea kina mama wakati akiwaponya watoto wao. Concilie alikuwa anapita pale makusudi, hata kama haumwi, ili amwone akifanya kazi. Orientasiyo ilipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa chini ya ualimu. Alikwenda kumwambia baba yake, na baba yake akasema maneno mawili: "Wamekuorienta. Basi." Concilie akafundisha watoto wa darasa la kwanza mpaka siku familia ilipopata nafasi ya kuja Australia, na aliwapenda watoto wale kweli kweli. Lakini siku zote njia ya kwenda shuleni aliipitishia zahanati.

Kwa hiyo shule ya Elvire ilipotuma ujumbe kwenye simu, wazazi wote wa darasa la kumi mnaalikwa kwenye "Year 11 Orientation" kwa Zoom, Concilie aliusoma, akauweka kando. Mzazi gani anakwenda kukaa kwenye orientasiyo? Ni sawa na kwenda kumkodolea macho hakimu. Jioni ile alikuwa na zamu kazini, akaenda zamu. Yupo mtu mmoja kanisani aliyesema baadaye kwamba huo ulikuwa uzembe. Mtu huyo hajui asemalo, tumwache.

Kazi yake ilikuwa katika nyumba ya wazee huko Parramatta. Alipanda treni asubuhi, mabehewa matupu, barakoa usoni na kibali cha kazi ndani ya simu. Kila baada ya siku chache alipimwa puani, akisimama foleni na madereva na wafagiaji, watu ambao mji uliokuwa umelala ulikuwa unawategemea. Mumewe, Anicet, alikuwa anafanya kazi kwenye machinjio ya ng'ombe huko mikoani. Mipaka ya Sydney ilipofungwa alibaki hukohuko, na watoto walimwona kwenye simu tu. Nyumbani Elvire alibaki na wadogo zake wawili. Alipika yeye, akafua yeye, akawakalisha wadogo kwenye masomo yao, halafu, muda ukibaki, akakaa kwenye masomo yake.

Pale kazini kila mzee wa kiume Concilie alimwita Papa na kila bibi alimwita Mama, na wazee wa Kizungu ambao maisha yao yote waliitwa kwa majina waliitika bila kuuliza. Bibi mmoja, Dorothy, hakuruhusiwa kuonana na wanawe isipokuwa kwa tableti. Wafanyakazi wengine waliiegemeza tableti kwenye mto, wakaenda zao. Concilie aliishika kwa mikono, usawa wa macho ya yule bibi, mpaka mazungumzo yaishe, akibadilisha mkono ukichoka. Aliwahi kuulizwa kwa nini anajitesa. Akasema mto haujui kumfuata mtu akigeuza kichwa.

Furaha yake ya hospitali ilivunjikia kwenye chumba cha chai. Viti vilikuwa vimetenganishwa, watu wawili tu wanaruhusiwa kwa wakati mmoja, na aliyekuwamo ni Rispah, muuguzi Mkenya anayeishi Penrith. Mwanawe, Mutua, alikuwa amepitia mambo haya mwaka uliotangulia.

"Sista Rispah, Mungu ametenda," alisema Concilie. "Elvire wamemuorienta mu hospitali."

"Wamemfanya nini?"

"Wamemuorienta. Amewekwa hospitaliti. Mwaka ujao anaanza."

Rispah aliweka kikombe chini. "Ngoja kidogo. Mtoto alisema hospital ama Hospitality?"

"Si ni kimoja?"

"Mama Elvire, si kimoja. Hospitality ni kitchen. Ni mambo ya hoteli. Kupika, kubeba masahani, kutengenezea watu kahawa."

Concilie alicheka, akidhani anataniwa. Rispah hakucheka. Akaomba kuona masomo mengine, na Concilie akamtolea picha ambayo Elvire alimtumia kwenye simu. Rispah aliyasoma yote, akayarudia tena.

"Hii ni English ya chini kabisa. Hii maths pia. Hii ni michezo, hii ni kuuza duka. Sasa sikia. Akienda na haya, cheti cha HSC atapata, yuniti zinatosha, hakuna shida. Lakini ATAR hatapata. Na ATAR ndio number ya kumwingiza university. Hapo mlango umefungwa hata kabla agonge. Nani alichagua?"

"Wakubwa wa shule. Si ni orientasiyo?"

"Aki, Mama Elvire. Huku hakuna mtu anapanga mtoto wa mtu. Huku mtoto anachagua, na mzazi anakubali. Ukinyamaza ndio wanakuwekea. Mimi na Mutua tulikaa kwa hiyo Zoom tukigombana mpaka mwalimu akatuonea huruma." Akaitazama tena ile picha. "Na kuchagua wanafunga Ijumaa."

Concilie alibaki amekaa. Aliona aibu ya namna mbili: aibu mbele ya Rispah, ambayo ingepita, na aibu mbele ya Mungu, ambaye alikuwa amemshukuru wiki nzima, tena mbele ya kanisa zima kwenye Zoom, kwa ajili ya sufuria. Halafu hasira ikaja, ikaifukuza aibu. Wakati wa mapumziko alitoka, akaketi kwenye ngazi za nyuma, akaipigia simu shule na kuomba mkalimani.

Mkalimani alikuwa kijana wa Kitanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Upande wa pili alikuwapo Miss Karras, mwalimu mshauri wa darasa la kumi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mkalimani wako. Karibu uzungumze."

"Marahaba. Mwambie mwalimu, mtoto wangu wamemuorienta vibaya."

Yakapita maneno ya Kiingereza, yakarudi. "Mwalimu anasikitika sana kwamba mtoto hakuridhika na mafunzo elekezi. Anasema yalirekodiwa, atakutumia video."

"Mafunzo gani?"

"Elekezi, mama. Yaani orientation."

"Si mafunzo. Orientasiyo. Ni kumuweka."

"Kumweka wapi, mama?"

"Mu jiko."

"Mama," alisema yule kijana kwa adabu, "naomba unieleze kwa maneno mengine, nisije nikakusemea uongo."

Concilie alivuta pumzi. Lile neno lilikuwa limemwendesha tangu akiwa msichana, na sasa lilikuwa linampotezea simu. Akaliacha.

"Muulize hivi tu. Haya masomo, nani alichagua?"

Jibu likarudi. "Anasema hakuna aliyechagua, isipokuwa somo moja. Familia haikujibu, kwa hiyo shule ilipendekeza masomo mepesi, kwa sababu tangu shule zifungwe Elvire ameleta kazi chache sana. Anasema kabla ya hapo alama zake zilikuwa nzuri, hesabu hasa. Alidhani mmeridhika. Kama hamkuridhika, mkutane naye Ijumaa saa tisa kwenye Zoom, mzazi na mtoto, mchague upya."

Yale maneno "isipokuwa somo moja" yalimpita. Alichosikia ni kwamba mtoto hakuleta kazi, na sababu alikuwa anaijua kuliko mwalimu. Nani alikuwa anapika wakati darasa linaendelea? Nani alikuwa anawaogesha wadogo? Nimemfanya mwanangu mtumishi wa ndani, aliwaza, na watu wameona mtumishi, wakampanga jikoni. Iliuma kuliko kitu chochote alichokumbuka kikimuuma katika nchi hii.

Ikabaki siku moja kufika Ijumaa. Yeye na Rispah walitoka zamu pamoja, na pale kituoni Parramatta, kila mmoja akingoja treni yake, wakapanga: Biolojia, Kemia, hesabu za juu, Kiingereza cha juu, somo la afya, na moja la kujazia. Rispah alipenda kupanga. Concilie alipofika Auburn alikuwa anayataja kimoyomoyo kama rozari.

Alimkuta Elvire jikoni, mbele ya sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Akaoga kwanza, kama alivyofanya kila siku akitoka kwa wazee, akabadili nguo, akavuta kiti, akamweleza yote. Ijumaa watakwenda kwa mwalimu. Wamekwisha kupanga. Akayataja.

Elvire alisikiliza, mwiko mkononi. "And Hospitality?"

"Hiyo tumeifuta. Mu jiko hutarudi."

"But you were happy. Uliimba."

"Niliimba hospitali, Elvire. Nilidhani ni hospitali."

Ilichukua muda kumwingia. Mtu mwingine angecheka, na Concilie alikuwa tayari kucheka naye. Elvire hakucheka. Macho yalimjaa maji.

"So you weren't happy for me."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimepika kwa kuni, mu moshi, tangu nina miaka saba. Nilivuka dunia nzima ili nikukute wewe mu jiko?"

"Hakuna mtu alinilazimisha, Mum. I asked for it. Niliomba." Alifunua sufuria. "Sombe ya wiki iliyopita, ulikula mara mbili. Ulisema iko kama ya bibi."

"Ilikuwa tamu. Ni kweli."

"Karanga ziliisha. Duka la Waafrika liko mbali, over five k's, na kilomita tano ndio mwisho, hatuwezi kwenda. So niliweka tahini, ile ya ufuta, ya duka la Waturuki hapa chini. Nilijaribu mara tatu before it was right. Hukujua."

Concilie hakujua. Alikuwa amelamba vidole.

"Shule wameniorienta," alisema Elvire, na neno lile alilitamka jinsi mama yake alitamkavyo, herufi kwa herufi. "Sasa wewe na Sista Rispah mumeniorienta. Mimi nitachagua lini?"

Kuna wazazi ambao kwa maneno hayo wangemnyooshea mtoto kidole, na wengine wangeenda mbali zaidi. Concilie alivaa barakoa na viatu, akatoka. Sheria ya siku zile ilimruhusu mtu kutembea saa moja tu. Alitembea mpaka bustanini, akaketi kwenye benchi, akampigia Rispah. Rispah alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye treni, Penrith.

"Anataka jiko," alisema. "Mwenyewe. Kwa mapenzi yake."

Rispah akauliza, "Hiyo Biology na Chemistry tulipanga, ilikuwa ya nani?"

"Ya Elvire."

"Elvire aliwahi kusema anataka nursing?"

Concilie alitafuta kwenye kumbukumbu zake zote. Hakupata.

"Basi nikwambie, na usinikasirikie," alisema Rispah. "Mimi nimekuona ukimshikia Dorothy hiyo tablet. Hiyo course si ya mtoto. Ni yako. TAFE, hivyo vyuo vya ufundi vya serikali, wanachukua watu wazima. Nenda usome wewe."

"Nina miaka thelathini na tisa, Sista."

"Na Dorothy ana tisini, na juzi tulimfundisha kupiga video."

Concilie alikata simu, akalia palepale bustanini, barakoa ikamlowa. Alimlilia yule msichana wa Kasulu aliyepitia zahanati bila kuumwa. Alilia pia kwa sababu aliona wazi kwamba alikuwa karibu kumfanyia binti yake kitu kilekile alichofanyiwa yeye, tena kwa upendo, na baba yake naye labda alikuwa amempenda. Alipomaliza alijifuta, akarudi nyumbani kabla saa yake haijaisha.

"Nipakulie," alimwambia Elvire.

Alimaliza sahani.

"Ongeza chumvi kidogo," alisema. "Na ufuta usiupunguze."

Kisha wakafungua laptop, wakaketi bega kwa bega. Concilie alikuwa na sharti moja, na hapo hakulegea: chagua unachotaka, lakini mlango wa chuo kikuu usiufunge leo kwa sababu leo hauutaki. Walisoma maelezo ya shule, Elvire akitafsiri, Concilie akimrudisha nyuma kila mahali palipotatanisha. Kumbe Hospitaliti iliweza kuhesabiwa kwenye ATAR, mradi mwanafunzi akubali kuufanya mtihani wake wa mwisho, na mradi masomo ya aina ile yasizidi moja. Somo la duka likatoka. Michezo ikatoka. Kiingereza cha chini kikapanda ngazi. Elvire alichagua hesabu za juu bila kusukumwa na mtu, akachagua Biashara, Historia, na Teknolojia ya Vyakula. Biolojia haikuwamo wala Kemia. Concilie alimeza mate, akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakonifanya nimvulie kofia.

Ijumaa saa tisa alijitengeneza kama mtu anayekwenda kanisani, kilemba na kitenge, ingawa kamera ilimwonyesha kuanzia nyusi kwenda juu. Miss Karras aliyapitia masomo moja moja, akahesabu yuniti, zikatosha. Akasema hesabu za juu zitakuwa ngumu ikiwa kazi za nyuma hazitaletwa. Concilie alikuwa amejiandaa kwa hilo. Anicet atawasimamia wadogo kwa video kila asubuhi kabla ya zamu yake, wapende wasipende, na Concilie, siku zake za mapumziko, atapika yeye mwenyewe. Elvire alipaswa kuyatafsiri haya yote, na alipofika kwenye mama kupika alitabasamu.

"And are you happy with these choices, Mrs Kubwimana?" aliuliza mwalimu.

Concilie hakungoja kutafsiriwa. "I am not choose," alisema kwa Kiingereza chake. "She choose. I am happy."

Kazi za nyuma zililetwa, si zote, lakini zilitosha. Shule zilifunguliwa mwezi wa kumi. Mwaka uliofuata Elvire alianza darasa la kumi na moja, akipimwa korona nyumbani kabla ya kuondoka kama wenzake, na siku za Hospitaliti alirudi na koti jeupe lenye madoa ya mchuzi, akalifua mwenyewe kwa mkono, asimruhusu mtu kulitia kwenye mashine. Hesabu zilimtoa jasho. Muhula wa kwanza aliponea chupuchupu, wa pili akapanda. Sombe ya ufuta aliipika shuleni, mwalimu wake akaomba aongezewe.

Na Concilie? Aliomba TAFE, kozi ya uuguzi, akaitwa kufanya jaribio la kusoma na kuandika, akashindwa. Watu wa kanisani walimwambia hiyo ni dalili, aridhike na alichonacho. Hakuridhika. Ndani ya treni, kwenda na kurudi, alisoma matangazo yote ya ukutani, akasoma vijikaratasi vya dawa za wazee, na akifika kwenye neno lisilomwingia alimtumia Elvire picha. Elvire alimjibu kati ya vipindi. Safari hii mwana ndiye aliyemuuliza mama kama amefanya kazi yake ya shule. Alirudia jaribio, akapita.

Ujumbe wa chuo ulimkuta kazini, kwenye kile chumba cha chai ambacho sasa viti vyake vilikuwa vimerudi mahali pake. Aliufungua mbele ya Rispah. Uliandikwa kwa herufi kubwa: ORIENTATION DAY. Alilitazama lile neno kwa muda, kisha akamgeuzia Rispah simu, na wote wawili wakacheka mpaka mzee mmoja akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Siku ilipofika alivaa kilemba kilekile cha Zoom, akaenda. Aliporudi jioni alimkuta Elvire mbele ya jiko. Anicet, aliyekuwa amekuja mapumziko, alikuwa mezani na wadogo.

"So, Mum," alisema Elvire bila kugeuka, "wamekuorienta wapi?"

Concilie aliketi kuvua viatu. "Choo kiko kushoto," alisema. "Maktaba iko juu. Kadi ya kuingilia usipoteze, ukipoteza unalipa."

"Basi?" aliuliza Anicet.

"Basi. Ndiyo orientasiyo yao yote. Hakuna aliyeniambia niwe nini." Akaweka viatu pembeni. "Waliniuliza tu kama nimekula."

"Na umekula?" aliuliza Elvire.

"Bado," alisema Concilie, akavuta kiti karibu na meza.